Neema na Inema: Asili, Safari na Maana ya Jina la Mwanamke katika Wilaya ya Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza asili na maana ya jina Neema, mojawapo ya majina ya Kiswahili wanayopewa wanawake katika eneo la Rusizi (zamani Cyangugu), kusini-magharibi mwa Rwanda. Jina linafuatiliwa kutoka mzizi wake wa Kisemiti, kupitia Kiswahili, hadi lilipokutana na msamiati wa Kinyarwanda. Hoja kuu ni kwamba jina ambalo aghalabu husikika Rusizi kama la ng'ambo ya mto lina pacha ndani ya Kinyarwanda chenyewe, yaani neno inema, ambalo Wakatoliki wa Rwanda hulitamka katika sala zao za kila siku. Ushahidi wa sauti unaonyesha kwamba neno hilo lilipita katika Kiswahili. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha umuhimu wa matokeo hayo kwa ufundishaji wa Kiswahili na kwa uelewa wa utambulisho mpakani.

Istilahi za msingi: onomastiki, ukopaji, Kinyarwanda, Kiswahili, Rusizi

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu, hupita kati ya mji wa Kamembe kwa upande wa Rwanda na mji wa Bukavu kwa upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Katika uwanda wa Bugarama, nchi tatu hukutana: Rwanda, Kongo na Burundi. Wafanyabiashara, wanafunzi na jamaa wa kuoana huvuka mipaka hiyo mchana kutwa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutana nazo. Pamoja na bidhaa na habari, majina nayo huvuka.

Miongoni mwa majina ya wanawake yaliyozagaa pande zote mbili za mto ni Furaha, Zawadi, Faida, Riziki na Neema. Yote ni maneno ya kawaida ya Kiswahili yenye maana inayoeleweka. Hata hivyo, makala haya yanajikita katika jina la mwisho kwa sababu moja mahsusi: tofauti na mengine, Neema lina umbo la pili lililokwisha kuingia katika lugha ya ibada ya Kinyarwanda. Kwa hiyo ni jina linalowezesha kupima dai linalosikika mara kwa mara, kwamba Kiswahili ni mgeni katika nchi ya Rwanda.

2.0 Jina na Maana: Misingi ya Mjadala

Katika falsafa ya lugha, kuna mapokeo yanayodai kwamba jina la mtu halina maana. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la pekee huelekeza kwa mwenye jina tu, bila kueleza sifa yake yoyote. Kwa mtazamo huo, mwanamke anayeitwa Neema si lazima awe na neema, kama ambavyo mji unaoitwa kwa jina la mlango wa mto hautapoteza jina lake mto ukihama.

Mapokeo ya Kinyarwanda yanaelekea upande mwingine. Methali isemayo Izina ni ryo muntu, yaani jina ndilo mtu, huliona jina kuwa sehemu ya nafsi. Methali nyingine, So ntakwanga akwita nabi, huonya kwamba baba yako hakuchukii, bali hukupa jina baya. Kwa maneno mengine, jina baya ndilo dhara kubwa ambalo mzazi aweza kumtendea mtoto. Waswahili nao husema kwamba jina jema hung'aa gizani, wakikusudia hasa sifa ya mtu, lakini wakitumia neno lilelile la jina.

Katika Rwanda, jina la Kinyarwanda kwa desturi halirithiwi kutoka kwa baba kama jina la ukoo. Kila mtoto huchaguliwa jina lake katika sherehe ya kwita izina, ambayo kimila hufanyika siku ya nane baada ya kuzaliwa, na jina hilo huandamana na jina la dini. Kwa kuwa jina huchaguliwa upya kwa kila mtoto, uchaguzi huo hubeba ujumbe: shukrani, hofu, matumaini, au kumbukumbu ya hali ya nyumba wakati mtoto alipozaliwa. Ndiyo maana swali la maana ya jina haliwezi kuwekwa kando katika mazingira haya. Mzazi wa Rusizi anayemwita bintiye Neema analichagua neno, si mlio mtupu.

3.0 Mzizi wa Kisemiti

Neno neema limetoka katika Kiarabu ni'ma, lenye maana ya fadhila, baraka au hali njema anayojaliwa mtu na Mungu. Mzizi wake ni konsonanti tatu: n, konsonanti ya koo iitwayo ayn, na m. Kutokana na mzizi huohuo, Kiarabu kimeunda maneno mengi: na'im, yaani raha hasa ya peponi, Mun'im, yaani mwenye kuneemesha, na jina la mwanamke Na'ima, linalojulikana kwa Waswahili kama Naima. Hivyo basi, Neema na Naima ni ndugu wa mzizi mmoja.

Kiebrania, ambacho ni lugha ya jamii moja na Kiarabu, kina mzizi unaolingana na huo wenye maana ya kupendeza. Katika kitabu cha Mwanzo anatajwa Naama, binti wa Lameki. Na katika kitabu cha Ruthu anatajwa Naomi. Kisa cha Naomi ni ushahidi wa kale kwamba watu wa Mashariki waliyachukulia majina kuwa na maana hai: baada ya kufiwa na mume na wanawe wawili, mwanamke huyo aliomba asiitwe tena kwa jina linalomaanisha kupendeza, bali aitwe Mara, yaani uchungu. Msichana wa Kamembe aitwaye Neema na jirani yake aitwaye Naomi wana majina ya chimbuko moja, ingawa moja lilipitia Kiarabu na lingine Kiebrania.

Ni vema kutofautisha undugu wa mzizi na ulinganifu wa maana. Majina Grace la Kiingereza na Grâce la Kifaransa, yote mawili kutoka Kilatini gratia, yanafanana na Neema kwa maana lakini si kwa mzizi. Vivyo hivyo Anna, kutoka Kiebrania Hana, lina mzizi mwingine wenye maana ya fadhila na huruma. Kwa upande mwingine, kuna majina yanayofanana na Neema kwa sauti pekee: Nyima la Kitibeti, ambalo huandikwa pia Nima, lina maana ya jua na halina uhusiano wowote na mjadala huu. Mchunguzi wa majina asiyetenganisha makundi haya matatu huishia kuunganisha visivyoungana.

Mzizi wa Kiarabu ulisambaa pia katika lugha nyingine. Kituruki kina jina la mwanamke Nimet, na Kisomali kina Nimco, ambapo herufi c huwakilisha ile konsonanti ya koo. Umuhimu wa maumbo haya utaonekana katika sehemu inayofuata: yote mawili yamehifadhi irabu i.

4.0 Neno Lilivyobadilika katika Kiswahili

Kiswahili hakina konsonanti ya ayn. Maneno ya Kiarabu yenye konsonanti hiyo yalipokopwa, konsonanti ilidondoshwa na mara nyingi irabu zikabaki mbili pamoja: ma'na likawa maana, na ta'ab likawa taabu. Kwa njia hiyohiyo ni'ma lilipaswa kuwa niima au neema. Kwa nini irabu ni e na si i?

Jibu linapatikana kwa kulinganisha na maneno mengine. Kiarabu hikma limekuwa hekima, na hishma limekuwa heshima. Katika maneno haya, irabu i imepakana na konsonanti inayotamkwa kooni, na katika Kiswahili imeshuka kuwa e. Neno ni'ma lina mazingira yaleyale, kwani ayn nayo hutamkwa kooni. Hivyo, e ya neema si ajali. Ni alama ya mchakato wa Kiswahili wa kupokea maneno ya Kiarabu. Kituruki na Kisomali, ambazo zilipokea neno kwa njia zao wenyewe, hazina alama hiyo.

Kimaana, neno lilipanuka. Katika Kiswahili cha kawaida, neema ni wingi wa mambo mema: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno, na nchi yenye neema ni nchi isiyojua njaa. Kutokana nalo kumenyambuliwa vitenzi neemesha na neemeka. Kitenzi hiki cha pili siku hizi hutumika hata kwa kejeli, kwa mtu aliyejitajirisha kwa njia isiyoeleweka. Katika lugha ya dini, neno lina maana ya ndani zaidi. Kwa Waislamu ni fadhila za Mwenyezi Mungu zisizohesabika. Kwa Wakristo, neema ndilo neno lililochaguliwa katika tafsiri za Biblia za Kiswahili kuwakilisha Kigiriki charis, yaani wema wa Mungu asioustahili binadamu.

Kuhusu jinsia, Kiswahili hakina ngeli ya kike wala ya kiume, lakini Neema kwa kawaida ni jina la mwanamke. Inashawishi kueleza jambo hili kwa kiishio cha kike cha neno la Kiarabu, kwa kuwa Rehema na Salama nayo ni ya wanawake. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi: Baraka lina kiishio hichohicho katika Kiarabu, ilhali kwa Waswahili mara nyingi ni jina la mwanamume. Kinachoamua ni mazoea ya jamii, wala si sarufi ya lugha iliyokopesha.

5.0 Njia za Kufika Rusizi

Kiswahili kilifika Rusizi kwa milango kadhaa. Mlango wa kwanza ni biashara na utawala. Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani hadi mwaka 1916, na Kiswahili kilikuwa lugha iliyotumiwa na utawala huo pamoja na askari wake. Shangi, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu karibu na Cyangugu, ni mojawapo ya mahali ambapo Wajerumani waliweka kituo cha awali, mwaka 1898. Wafanyabiashara na askari hao ndio walioingiza pia Uislamu, na hadi leo Bugarama ina jamii ya Waislamu inayojulikana.

Mlango wa pili ni misheni. Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadri Weupe, walianzisha kituo chao cha kwanza nchini Rwanda huko Save mwezi Februari 1900, na mwaka 1903 wakaanzisha Mibirizi, misheni mama ya eneo la Cyangugu. Waliingia wakifuatana na wasaidizi kutoka Uganda, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumika kabla mapadri hawajakimudu Kinyarwanda. Kiganda nacho kina neno la asili hiyohiyo, eneema, lililokopwa kutoka Kiswahili. Iwapo neno lilifika Rwanda moja kwa moja kutoka Kiswahili au lilipumzika kwanza katika Kiganda, chanzo cha karibu cha umbo lake ni kimoja.

Mlango wa tatu ni ujirani na uhamaji. Bukavu ni mji wa Kiswahili, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Kuanzia mwaka 1959, Wanyarwanda wengi walikimbilia uhamishoni Kongo, Burundi, Uganda na Tanzania; wao na watoto wao walirejea baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwaka huohuo wa 1994, umati mkubwa ulivuka kutoka Cyangugu kwenda Bukavu, na wengi wakarudi kuanzia mwishoni mwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa ng'ambo katika miaka hiyo yote walirudi na majina waliyopewa huko, na mengi ya majina hayo yalikuwa ya Kiswahili.

6.0 Neema, Inema, Ubuntu na Ingabire

Kinyarwanda kilipokopa majina ya vitu kutoka Kiswahili, kiliyavika viambishi vyake. Kitabu kikawa igitabo, msikiti ukawa umusigiti, sahani ikawa isahani, kalamu ikawa ikaramu. Kwa utaratibu huohuo, neema ikawa inema. Kwa kuwa tahajia ya Kinyarwanda haionyeshi urefu wa irabu, herufi e huandikwa moja. Irabu yenyewe, hata hivyo, ni e na si i. Kwa mujibu wa hoja iliyotolewa katika sehemu ya 4.0, e hiyo ni nyayo za Kiswahili: neno lisingeweza kuwa na sura hiyo kama lingetoka katika Kiarabu bila kupita kwa Waswahili.

Neno inema ndilo linalotumika katika sala ya Salamu Maria kwa Kinyarwanda, mahali ambapo Maria anasifiwa kwa kujaa fadhila ya Mungu. Kwa maana hiyo, Mkatoliki wa Mibirizi asiyejua Kiswahili hata kidogo hutamka neno la Kiswahili kila anaposali rozari, tena mara nyingi kuliko Mswahili wa kawaida anavyolitamka.

Waprotestanti walichagua njia nyingine. Katika Bibiliya Yera, charis ni ubuntu. Neno hilo la Kibantu, pamoja na maana ya utu, lina maana ya ukarimu; na usemi ku buntu humaanisha bure, bila malipo. Uchaguzi huo unaangaza upande wa maana ambao neema ya Kiswahili haiutaji waziwazi. Neema husisitiza wingi wa kilichotolewa. Ubuntu husisitiza kwamba kilitolewa bure.

Neno la tatu ni ingabire, ambalo pia ni jina maarufu la mwanamke. Limetokana na kitenzi kugaba, na umbo lake kugabira, yaani kumpa mtu ng'ombe kama ishara ya urafiki au heshima. Ingabire ni kilichotolewa kwa namna hiyo, na katika lugha ya Kanisa ni karama za Roho Mtakatifu. Inafaa kukumbuka kwamba katika Kiarabu, mzizi wa ni'ma umezaa pia neno an'am, yaani mifugo, ambalo ni jina la sura ya sita ya Kurani. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya Ingabire na an'am. Hata hivyo, sadfa hiyo inafundisha: kwa watu waliofuga, mfano wa kwanza wa fadhila ulikuwa mnyama aliyesimama uani.

Majina haya hutofautiana pia kwa sura. Ingabire, Ineza na Ishimwe huanza na irabu ya awali, kama ilivyo kwa majina mengi ya Kinyarwanda yatokanayo na nomino. Inema likitumiwa kama jina hukaa miongoni mwao bila kushtukiwa. Neema, lisilo na irabu hiyo na lenye e mbili katika maandishi, hujitambulisha mara moja kuwa la Kiswahili. Tofauti ya herufi mbili ndiyo inayoamua kama mwenye jina ataulizwa atokako.

7.0 Jina na Utambulisho Mpakani

Swali hilo la atokako mtu si la kinadharia. Katika Kinyarwanda, neno umuswahili kwa muda mrefu limebeba, pamoja na maana yake ya kawaida, dhana ya mtu mjanja asiyeaminika. Dhana hiyo ilitokana na jinsi wasemaji wa Kiswahili walivyotengwa katika mitaa yao enzi za ukoloni, na jinsi lugha yao ilivyohusishwa na soko, kambi na dini moja tu. Kwa hali hiyo, jina la Kiswahili laweza kumfanya mtu aonekane mgeni nyumbani kwake. Katika eneo la mpakani, ambako vitambulisho hukaguliwa kila siku, uzito wa jambo hilo huongezeka. Hata tahajia ina athari: karani aliyezoea Kinyarwanda aweza kuandika Nema, na yule wa ng'ambo akaandika Neema, kisha hati mbili za mtu mmoja zikatofautiana.

Ushahidi uliotolewa katika makala haya hauifuti dhana hiyo, lakini unauondoa msingi wake wa kilugha. Haiwezekani kudai kwamba Neema ni jina la wengine huku inema ikiwa neno la sala ya nyumbani. Kinyume chake, mtu anayetaka kulifanya jina hilo liwe la Kinyarwanda kwa kulibadilisha kuwa Inema hajaliondoa katika Kiswahili. Amelivika tu vazi ambalo Kinyarwanda kilikwisha kulishonea.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba jina Neema limetoka katika mzizi wa Kisemiti unaozaa pia Naima na Naomi. Kwamba irabu e ni alama ya kupita kwake katika Kiswahili. Kwamba alama hiyo imehifadhiwa katika inema ya Kinyarwanda. Na kwamba maana yake Rusizi huchotwa katika visima vitatu, yaani wingi wa neema, ubure wa ubuntu na heshima ya ingabire.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu hapo, Kiswahili kimefundishwa mara nyingi kama lugha ya fursa za soko la kikanda. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kumfanya mwanafunzi aione lugha kuwa yake. Inapendekezwa kwamba walimu wa Kiswahili katika shule za Rusizi waanze na maneno ambayo wanafunzi wanayo tayari: igitabo, ikaramu, isahani, inema, na majina ya wanafunzi walioketi mbele yao. Aidha, watafiti wa onomastiki wanahimizwa kuyachunguza majina mengine ya mpakani, hususan Furaha, Faida na Riziki, ili kubaini ni yapi yaliyopata pacha katika Kinyarwanda na ni yapi yaliyobaki na sura ya Kiswahili pekee. Mwanafunzi aitwaye Neema, akielezwa historia ya jina lake, atakuwa na jibu kwa yeyote atakayemuuliza ametoka upande gani wa mto: jina hilo liko pande zote mbili.